Kuchagua Skrini ya Kompyuta: Tusinunue Mbuzi Kwenye Gunia



Katika kazi yetu hapa Changamwe twakutana na vikundi vingi vinavyotaka kufungua kijiofisi cha kompyuta: kuchapa barua, kutoa nakala, kusaidia watu kujaza fomu za eCitizen na za KRA. Ni kazi nzuri. Lakini vikundi hivi hufikiria sana kompyuta yenyewe, na skrini huinunua mwisho, kwa pesa zilizobaki. Leo basi tujifunze kuhusu hiyo skrini.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Vijana 12 wa Chaani walichanga pesa kwa miezi minane. Wakavuka Makupa wakaenda mjini, wakapata skrini tano zilizotumika, bapa, za mraba, kwa bei ya chini sana. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea dukani. Muuzaji akawaambia, "Hizi zote ni nzima, chukueni tu." Wakachukua.

Walipofika nyumbani mambo yakawa mengine. Tundu la nyuma lilikuwa la VGA peke yake, na kompyuta zao zilikuwa na HDMI. Ikabidi wanunue vigeuzi vitano. Walipowasha, skrini mbili zilitoa mwanga hafifu wenye wekundu, na ya tatu ilikuwa na mstari kutoka juu hadi chini. Risiti hawakuwa nayo. Lawama zote zikamwangukia mweka hazina, binti wa miaka 22, na wanachama wawili wakajitoa.

Sisi nasi twajilaumu. Tulikuwa tumewafunza kuweka akiba na kuandika hesabu, lakini hatukuwafunza kukagua kitu kabla ya kulipa. Somo hili ni deni letu kwao.

AINA ZA SKRINI

1. Skrini ya mgongo mkubwa. Ni ile nzito ya zamani, iliyofanana na televisheni za zamani. Ndani yake mna chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa, na elektroni hupiga uso wa kioo kwa ndani ukang'aa. Siku hizi huikuti dukani, lakini bado zimo katika stoo za shule na ofisi, na pengine kikundi hupewa bure. Hula stima nyingi, hutoa joto, na picha yake huweza kucheza-cheza ikachosha macho. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tena, hata ukiichomoa, umeme mkali waweza kubaki ndani. Usiifungue kamwe!

2. Skrini bapa, yaani LCD. Hizi ndizo nyingi madukani. Kioo chake hakitoi mwanga chenyewe. Kuna taa kwa nyuma, na nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli hupitisha au kuzuia ule mwanga, kama mapazia madogo. Tofauti ya kwanza ni hiyo taa. Za zamani zina mirija myembamba yenye zebaki ndani. Ikichoka, mwanga hufifia na kuwa mwekundu. Hayo ndiyo yaliyowapata vijana wetu. Mpya zina taa za LED, ambazo hazina zebaki na hula stima kidogo. Basi muuzaji akikwambia, "Hii ni LED, si LCD," jua kwamba ni LCD ile ile, ila taa imebadilika.

Tofauti ya pili ni kioo chenyewe, na kiko cha namna tatu:
- TN: bei nafuu, lakini ukiitazama kwa upande au kutoka chini rangi hubadilika.
- IPS: rangi ni nzuri, na watu watatu waliokaa pamoja waona picha ile ile. Yafaa sana kwa kufunza na kwa kazi za picha.
- VA: weusi wake ni mzito na yapendeza kwa filamu, lakini vitu vinavyokwenda mbio huweza kuacha kivuli.

3. OLED. Hapa kila pikseli hujiwakia yenyewe, kwa hiyo hakuna taa ya nyuma, na nyeusi ni nyeusi kweli. Ni nzuri, lakini bei yake ni kubwa. Tena, kitu kikikaa mahali pamoja kwenye skrini kwa saa nyingi kila siku, kama vile fomu au jedwali la hesabu, alama yake huweza kubaki pale milele. Kwa kijiofisi chetu haifai.

UKUBWA

Inchi za skrini hupimwa kutoka kona hadi kona. Kwa kuchapa na kujaza fomu, inchi 22 hadi 24 zatosha, zenye pikseli 1920 kwa 1080. Usitamani inchi 27 yenye pikseli hizo hizo. Nukta ni zile zile zimetandazwa mahali pakubwa, na herufi hazitakuwa safi.

HESABU YA STIMA

Sote twanunua tokeni, kwa hiyo hesabu hii yatuhusu. Tuchukue mfano. Skrini ya mgongo mkubwa ya wati 80 ikiwaka saa 10 hula wati-saa 800, nasi twasema uniti 0.8. Skrini ya LED ya wati 20 kwa saa hizo hizo hula uniti 0.2. Tofauti ni uniti 0.6 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 15.6, na kwa skrini tano ni uniti 78 kila mwezi. Kile cha bure kinakula pesa polepole, si ndiyo? Wati halisi za skrini yako zisome kwenye kibandiko cha nyuma.

KABLA YA KULIPA

1. Chungulia kwanza matundu ya kompyuta yako, uyaandike: VGA, DVI, HDMI au DisplayPort. Skrini iwe na tundu linalolingana. Kutoka HDMI kwenda VGA waya mtupu hautoshi, lazima pawe na kigeuzi.
2. Soma kibandiko cha stima. Yetu ni volti 240, kwa hiyo paandikwe 100–240 au namna hiyo. Kama yatumia adapta, uondoke nayo dukani.
3. Iwashwe mbele yako. Kama stima hakuna, rudi kesho. Iache iwake angalau dakika 15.
4. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha picha nyeusi tupu. Kwenye weupe tafuta nukta nyeusi, mistari na wekundu. Kwenye weusi tafuta nukta zinazowaka.
5. Bonyeza vitufe vyote na utikise waya polepole. Picha isipotee.
6. Dai risiti yenye namba ya skrini na muda wa kurudisha. Waende watu wawili au watatu, wote watie sahihi katika daftari la kikundi. Hivyo hakuna atakayelaumiwa peke yake.

UTUNZAJI NA MACHO

Hewa yetu ya Pwani ina unyevu na chumvi, na malori ya barabarani hayatuachi bila vumbi. Funika skrini jioni ikishapoa. Ifute ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na usiinyunyizie maji.

Iweke umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu ulingane na macho au ushuke kidogo. Isielekee dirisha wala isilipe mgongo; dirisha liwe ubavuni. Na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6, kwa sekunde 20.

Skrini ikifa, usiichome wala usiitupe jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Risasi na zebaki huingia katika udongo na maji, na watoto wetu huchezea pale pale. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea na kushughulikia taka za namna hii. Vikundi kadhaa vyaweza kukusanya zao pamoja na kuchanga nauli ya mzigo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi gani hasa tutakayofanya na skrini hii, na ni watu wangapi watakaoitazama kwa pamoja?
2. Je, tumehesabu vigeuzi, tokeni na matengenezo, au bei ya dukani tu?
3. Kitu tulichonunua kikiharibika, huwa twatafuta dawa au twatafuta mtu wa kumlaumu?

Swali hilo la tatu msilikimbie. Vijana wa Chaani walilijadili jioni nzima. Mwishowe waliuza skrini mbili nzima, wakaongeza akiba, wakanunua tatu za LED baada ya kuziwasha moja moja. Aliyeshika karatasi ya ukaguzi dukani ni yule yule mweka hazina.