Wageni Walioomba Majembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake, mgeni hukirimiwa, lakini akikaa yampasa kusaidia kazi za wenyeji wake. Somo hili lahusu wageni ambao hawakungoja siku ya tatu. Wao walisafiri mbali kwa kusudi la kushika jembe.

Upande wa mashariki wa nchi ya Ufaransa uko mji uitwao Verdun. Mwaka 1916 Wafaransa na Wajerumani walipigana karibu na mji huo tangu mwezi wa Februari hata Desemba, na askari wapatao 300,000 wakafa. Mizinga iliivuruga ardhi hata mashamba yakawa mashimo matupu, na vijiji vikawa vifusi. Kimojawapo ni kijiji cha Esnes. Vita vilipokwisha mwaka 1918, wenyeji waliorudi walikuta magofu mahali pa nyumba zao.

Wakati huo alikuwako mhandisi mmoja wa Uswisi, jina lake Pierre Cérésole, aliyezaliwa mwaka 1879. Alivichukia vita, hata mwaka 1917 alifungwa gerezani kwa kukataa kulipa kodi ya jeshi. Lakini aliona ya kuwa kuvilaumu vita hakutoshi, kwa maana maneno matupu hayasimamishi nyumba iliyoanguka.

Basi mwezi wa Novemba 1920 akaenda Esnes pamoja na kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani. Fikiri jambo hili, mwanafunzi: miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu vita viishe, na watu wa taifa lililokuwa adui wakaja kujenga kijiji kile. Hawakutaka mshahara. Katika miezi ya baridi walijenga vibanda vya mbao, wakaondoa vifusi, wakatengeneza njia, wakafukia mashimo ya mizinga ili mashamba yalimike tena.

Je, kila mtu aliwapokea kwa furaha? La. Msiba ulikuwa ungali mbichi, na chuki juu ya Wajerumani ilikuwa kali. Kwa sababu hiyo, baada ya miezi kama mitano kazi ikakoma, nao wakaondoka kabla ya kuimaliza.

Mtu angaliweza kusema kwamba safari ile ilikuwa bure. Lakini mbegu haionekani siku ipandwapo. Mwaka 1927 mto Rhine ulibomoa kingo zake, ukafunika mashamba ya nchi ndogo ya Liechtenstein kwa matope na mawe. Mwaka uliofuata wakaja watu wapatao 700 kutoka nchi nyingi, wakayasafisha. Tena Januari 1934 tetemeko kubwa la nchi lilibomoa vijiji vya Bihar, katika India. Cérésole akasafiri huko na wenzake wachache, wakasaidia kujenga upya. Yeye alikufa mwaka 1945, lakini chama alichokianzisha kipo hata leo.

Safari za namna hii zimeenea. Katika Ufaransa kiko chama kiitwacho Rempart, kilichoanzishwa mwaka 1966, ambacho hutengeneza ngome na majengo ya kale yaliyochakaa. Vijana wa nchi mbalimbali hukaa pamoja, hupika kwa zamu, huchanganya chokaa na mchanga, na kujifunza kazi ya uashi. Wakipumzika hutembelea mahali pa kale pa nchi ile. Naye aliyelitia jiwe ukutani kwa mikono yake huifahamu ngome kuliko yule aliyepita akiitazama.

Msafiri afikaye Verdun huoneshwa jengo la Douaumont. Ndani yake imewekwa mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana majina, Wafaransa na Wajerumani pamoja. Imechanganyika, wala hakuna awezaye kusema, "Huu ni wa rafiki, na huu ni wa adui."

Lakini safari ya kusaidia ina sheria yake. Msaidizi asilazimishe kazi ambayo wenyeji hawaihitaji, wala asimnyang'anye fundi wa kijiji riziki yake. Mgeni mwema huuliza kwanza, ndipo ashike jembe.

Maswali
1. Kwa nini wenyeji wa Esnes walihitaji msaada?
2. Kazi ya Esnes ilikoma kwa sababu gani? Je, ilikuwa bure? Eleza.
3. Ni madhara gani yawezayo kuletwa na msaidizi asiyeuliza kwanza?
4. Taja jengo la kale lililo karibu na kwenu, na kazi ambayo wageni na wenyeji wangeweza kuifanya hapo pamoja.