Cheti cha semina na ruhusa ya kutibu

Swali: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya cha serikali, Kadutu, Bukavu. Nimefanya semina fupi ya afya ya akili. Naweza kupokea wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani?

Jibu: Ndiyo, mradi umeandikishwa katika Ordre ya wauguzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2016; tena mwarifu daktari mkuu wa zone ya afya. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani uliandikwa kwa wasio mabingwa kama wewe; unahusu kifafa, sonona, hata saikosisi. Ila semina zetu huishia kwenye picha na cheti. Kwa hiyo dai msimamizi wa kukagua kazi yako. Anayetaka kujiua usimwache peke yake; mpeleke SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili, akisindikizwa.