Chunusi Haziponi kwa Kufanya Mapenzi

Umeshawahi kuambiwa kijiweni, pale Mlimba stesheni au njiani kutoka shule, "Fanya mapenzi, chunusi zitaisha"? Usidanganyike! Huo ni uongo, na unaweza kukuletea mimba au virusi vya UKIMWI.

Ukweli ni huu: ukibalehe, homoni huongeza mafuta ya ngozi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, vitundu vya ngozi huziba, bakteria huzaliana, kipele kinavimba. Siyo uchafu. Hata watu wa miaka 30 wanazo, hasa wanawake wakikaribia siku zao.

Ufanye nini?

1. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Usisugue.
2. Usitumbue, utabaki na makovu.
3. Usipake mafuta mazito usoni.
4. Achana na mkorogo! Zebaki hudhuru figo, na krimu zenye steroidi zenyewe huleta chunusi.

Dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi husaidia, ila vumilia wiki 6 hadi 8. Zikiwa kubwa na zinauma, nenda kituo cha afya. Usione haya, rafiki!