SOMO: Kupima Mawazo Yanayoleta Wasiwasi

Ndugu zetu wa Fizi na Baraka, wengi wetu tumekimbia zaidi ya mara moja. Wengine walivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 na 1998 kwenda Kigoma, wakaanza kurudishwa Baraka kwa meli mwaka 2005. Baadhi yao vita viliwahamisha tena. Si ajabu moyo kudunda na usingizi kupotea. Huo si wazimu wala aibu.

Wazo ni kama uvumi

Mama amemtuma mtoto sokoni, naye amechelewa. Wazo linamwambia: "Wamemkamata, sitamwona tena." Mwili unatetemeka kana kwamba jambo limekwisha kutokea. Lakini wazo ni kama uvumi: pengine ni kweli, pengine sivyo. Kiongozi mwema huchunguza uvumi kabla ya kuutangaza.

Hatua nne

1. Vuta pumzi polepole. Litaje wazo lenyewe.
2. Jiulize: Nina ushahidi gani kuwa ni kweli? Na gani kuwa si kweli? (Mvua imenyesha. Juzi pia alichelewa.)
3. Tafuta wazo la haki: "Naogopa, lakini bado sijui."
4. Fanya jambo moja unaloliweza: mtume kaka yake akamtazame.

Angalieni! Hatusemi hatari haipo. Mkisikia risasi, kimbieni kwanza. Mawazo yatapimwa baadaye.

Je, inasaidia?

Huko Kivu, wasaidizi Wakongo walifundisha njia ya namna hii katika vikundi vya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wao hawakujua kusoma. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: miezi 6 baada ya mafunzo, wenye dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 kwa kila 100. Kwa wale waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu, walikuwa 42.

Kwa viongozi

Wazo "Watu wa kabila lile wote ni adui" nalo lipimwe. Wote? Hata yule tuliyeuziana naye samaki? Hofu isiyopimwa huwasha moto kijijini.

Mtu asiyelala kwa majuma mengi, au anayetamani kufa, asiachwe peke yake. Msindikizeni kwenye kituo cha afya.

Maswali ya kujadiliana

- Ni wazo gani hukurudia usiku?
- Ni uvumi gani uliwahi kutukimbiza bure?
- Nani jirani tutakayemtembelea juma hili?