Somo la 14: Upatanisho wa Ngeli ya Mahali katika Kumwelekeza Mgeni

Katika somo lililopita tuliona jinsi nomino ya kawaida inavyogeuka kuwa ya mahali kwa kupachikwa kiambishi -ni: chuo, chuoni, msitu, msituni, mpaka, mpakani. Somo hili laendelea pale tulipoachia. Litaonyesha kwamba kiambishi hicho peke yake hakitoshi kumfikisha mtu aendako, na kwamba kazi iliyobaki hufanywa na upatanisho wa pa-, ku- na mu-.

Soma kwanza barua ifuatayo. Mwandishi wake ni mwanachuo aliye likizoni nyumbani kwao Giheke, wilayani Rusizi. Anamwandikia mwalimu wa makamo anayeishi Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, ambaye amealikwa katika kongamano la Kiswahili.

*Mama Mwalimu,*

*Salamu nyingi kutoka kwetu Giheke. Nimefurahi kusikia kwamba utakuja Huye kuhudhuria kongamano, maana mimi pia nitakuwapo. Huye ndiyo ile Butare uliyozoea kuisikia. Jina lilibadilishwa mwaka 2006. Kwa kuwa hujapata kufika huko, nakueleza njia.*

*Ukishavuka daraja na kumaliza shughuli za mpakani, panda pikipiki hadi kituo cha mabasi cha Kamembe. Hapo pana ofisi za kuuzia tiketi. Kata tiketi ya Huye, wala usikate ya Karongi, ingawa njia ni moja mwanzoni. Basi litapita Giheke, lakini usinitafute dirishani, kwani nitakuwa nimetangulia siku moja. Mbele yake ni Ntendezi. Ntendezi pana njia panda: ya kushoto yaenda Karongi, ya pili yaelekea msitu wa Nyungwe. Msituni mna baridi hata mchana, nawe utakaa humo kwa kilomita 50 hivi, basi weka sweta karibu. Ukitoka msituni utaona mashamba ya chai ya Kitabi, kisha utafika Nyamagabe. Basi likisimama hapo, usiteremke. Teremka katika kituo cha mabasi cha Huye, na umwambie kondakta mapema, kwa sababu mabasi mengi ya njia hii huendelea hadi Kigali.*

*Kituoni utawakuta waendesha pikipiki. Patana bei kabla ya kupanda, na uvae kofia ngumu, maana ndiyo sheria. Mwambie akupeleke chuo kikuu, Ruhande, kusini mwa mji. Langoni pana walinzi; waonyeshe barua ya mwaliko. Ukumbi umo ndani kabisa, mbali kidogo na lango, kwa hiyo nitakungojea hapo langoni. Huye kuna nyumba nyingi za wageni, nami nimekuwekea chumba katika mojawapo. Tukipata nafasi tutakwenda katika jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1989, kaskazini mwa mji.*

*Ni mimi, mwanao.*

Maelezo ya sarufi

Tazama sentensi hizi tatu za barua: *Ntendezi pana njia panda. Huye kuna nyumba nyingi za wageni. Msituni mna baridi.* Zote zaeleza kilichopo mahali fulani, lakini mwandishi hakutumia kiambishi kimoja. Njia panda ni mahali pamoja, dhahiri, ambapo mtu aweza kupaonyesha kwa kidole: pa-. Nyumba za wageni zimetawanyika mjini, huku na kule: ku-. Baridi imo ndani ya msitu, nayo humzunguka msafiri pande zote: mu-, ambayo mbele ya -na huwa m-.

Hapa ndipo mwanachuo wa Rwanda anapojikwaa, na sababu yake si uvivu. Kinyarwanda hubainisha aina ya mahali mwanzoni mwa nomino: *mu nzu*, *ku ishuri*. Lakini ukifika kwenye kitenzi, tofauti hiyo haionekani tena katika kiambishi cha upatanisho: *mu nzu hari abantu*, *ku ishuri hari abantu*. Ni ha- kotekote. Kiswahili sanifu hufanya kinyume chake. Kwenye nomino hakibagui, bali huweka -ni ileile: *nyumbani*, *shuleni*. Ubaguzi hungojea hadi upatanisho: *nyumbani mna watu*, *shuleni kuna watu*, *mlangoni pana watu*. Kwa hiyo mwanachuo aliyezoea kumaliza kazi yote kwenye nomino huona kwamba akishaandika -ni amekwisha kusema kila kitu, naye huweka *kuna* popote. Hakukosea sana, hata wenyeji wa pwani hutumia *kuna* kwa wingi katika mazungumzo. Lakini katika maelekezo ya njia, *kuna* humwachia mgeni mji mzima wa kutafuta.

Kosa la pili hutokana na chanzo hichohicho, nalo ni kuandika *mu chuo* au *ku kituo*. Mama Mwalimu wa barua yetu asingelishangaa, maana Kiswahili cha Bukavu nacho husema *mu nyumba* na *ku soko*. Kwa mazungumzo ya mpakani hilo halina ubaya wowote, na mwalimu asiwacheke wanafunzi wanaolisema. Darasani na katika maandishi tutatumia *chuoni* au *katika chuo*. Tusiunganishe njia hizo mbili: *katika chuoni* ni kurudia.

Majina ya pekee ya mahali hayapachikwi -ni: twasema *anatoka Giheke, anakwenda Huye*, na kitenzi ndicho kinachoonyesha kama mtu anatoka au anakwenda. Viumbe nao hawapachikwi: *nenda kwa dereva*, si *derevani*.

Sasa tulinganishe -po, -ko na -mo.

*Ukumbi uko Ruhande.* Mgeni ajua upande wa kuelekea, basi.
*Ukumbi upo langoni.* Mgeni akifika langoni hahitaji kutembea tena.
*Ukumbi umo chuoni.* Mgeni akifika langoni bado hajafika, sharti aingie.

Mwandishi wa barua alichagua *umo*, akaongeza *ndani kabisa*, ndipo akaona haja ya kumngojea mgeni langoni. Angeliandika *upo*, mgeni angelisimama nje akitafuta ukumbi usiokuwapo.

Tahadhari kuhusu -po-

Kirejeshi -po- kina kazi mbili: huonyesha mahali, na huonyesha wakati. Mara nyingi muktadha huondoa shaka, lakini si kila mara. Mwandishi wa somo hili, alipokuwa kijana, alimwandikia mgeni wake maneno haya: *Teremka basi litakaposimama.* Yeye alikusudia mahali, yaani mwisho wa safari. Mgeni, mtu mwenye umri na msomaji makini kuliko mwandishi, alielewa wakati. Basi liliposimama Nyamagabe, alichukua mfuko wake akateremka. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, na basi lilikwisha kuondoka alipotambua kwamba chuo kikuu hakiko huko. Hotuba yake ilikuwa ya kwanza kesho yake asubuhi. Alifika, lakini alifika amelowa na hotuba imekwisha kupewa saa ya mtu mwingine. Hakulaumu, aliomba tu kuiona barua tena, akaweka kidole chake juu ya silabi *po*.

Dawa yake ni kutaja nomino yenyewe: *Teremka mahali litakapokoma basi*, au, vizuri zaidi, *Teremka katika kituo cha Huye.* Kwa wakati, tumia -ki-: *Basi likisimama, usiteremke.* Rudi katika barua uone jinsi mwandishi alivyozitumia zote mbili.

Neno moja la msamiati lahitaji kutajwa. Chombo tunachokiita *moto* katika mazungumzo ya Kinyarwanda ni *pikipiki* kwa Kiswahili, na wengine husema *bodaboda*. Usimwandikie mgeni wa Tanga *panda moto*.

Mazoezi

1. Jaza *pana*, *kuna* au *mna*, na utoe sababu kwa kila jibu: (a) Mpakani ___ mlolongo wa watu. (b) Nyungwe ___ nyani. (c) Kamembe ___ mabenki. (d) Begini ___ barua ya mwaliko. Kwa (b) majibu mawili yaweza kukubaliwa. Eleza tofauti ya maana.

2. Sahihisha, bila kubadili maana: *Nitakungoja ku kituo, halafu tutaingia katika ukumbini, twende mwalimuni.*

3. *Simama anaposimama mlinzi.* Andika sentensi mbili, moja isiyoweza kueleweka ila kuwa ya mahali, nyingine ya wakati.

4. Mgeni wa Dodoma atakuja Huye kupitia Kigali. Kumbuka kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Rwanda kwa saa moja, na kwamba magari ya Rwanda hupita upande wa kulia wa barabara, hivyo avukaye hutazama kushoto kwanza. Mwandikie barua ya maneno 150 umwelekeze hadi langoni mwa chuo. Mpe mwenzako aisome, kisha akuchoree ramani ya njia kwa kufuata maneno yako tu, wala usimsaidie kwa mdomo.