Nyayo Bapa: Kompyuta Hupima, Mtaalamu Huamua

Mzazi aonapo mtoto wake akiacha alama ya unyayo mzima sakafuni, bila pengo upande wa ndani, huingiwa na hofu. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Watoto wadogo walio wengi huwa na nyayo bapa, na tao la unyayo hujijenga taratibu kadiri wanavyokua.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote. Mtoto asimame akichuchumia kwa vidole. Tao likijitokeza, unyayo huo ni mnyumbufu. Usipouma, kwa kawaida hauhitaji tiba. Tao lisipojitokeza, au mtoto akilalamika maumivu, apelekwe kwa mtaalamu.

Wataalamu hupima pia kwa hesabu. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1987 na Cavanagh na Rodgers hugawa alama ya unyayo, bila vidole, katika sehemu tatu zenye urefu sawa. Eneo la sehemu ya kati hugawanywa kwa eneo lote. Kwa mfano, sehemu ya kati ikiwa na sentimita za mraba 27 na alama yote 90, jawabu ni 0.30. Kuanzia 0.26 kwenda juu, unyayo huhesabiwa kuwa bapa.

Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta inayojifunza kwa mifano. Huoneshwa picha nyingi za nyayo na za mgandamizo wake, pamoja na uamuzi uliotolewa na wataalamu kwa kila mgonjwa. Ikiisha kutambua uhusiano uliopo, hupendekeza aina ya unyayo mpya na umbo la soli tegemezi ya kuwekwa ndani ya kiatu. Faida yake ni wepesi na upimaji usiobadilika kwa uchovu wa mpimaji.

Hata hivyo, mwanafunzi hurithi makosa ya mwalimu. Iwapo wataalamu waliwaandikia soli watu wasiozihitaji, kompyuta nayo itafanya vivyo hivyo. Mifano nayo ina uzito wake: utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992, uliochunguza watoto 2,300, ulikuta nyayo bapa zaidi miongoni mwa waliovaa viatu kuliko wasiovaa. Kompyuta iliyofunzwa kwa jamii moja yaweza kukosea kwa nyingine. Tena, picha ya unyayo haioneshi maumivu. Hayo huelezwa na mgonjwa mwenyewe.

Soli tegemezi zaweza kupunguza maumivu. Hakuna ushahidi thabiti kwamba hujenga tao kwa mtoto asiye na maumivu, na mzazi asiharakishe kutumia fedha kwa ahadi hiyo.

Wanaopaswa kuwahi kituo cha afya ni mtu mzima ambaye unyayo wake mmoja umebonyea hivi karibuni, na mgonjwa wa kisukari ambaye mguu wake umevimba na kuwa wa moto, hata kama hauumi. Kwa huyo wa pili, kuchelewa kwaweza kuharibu mifupa ya mguu.

Nchini Tanzania, mafundi sanifu wa vifaa hivyo hufunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, kilichopo KCMC. Mkazi akielezwa kuwa mashine imempendekezea soli, aulize maswali matatu: Je, mtaalamu ameushika na kuukagua mguu? Soli hii inakusudiwa kuondoa tatizo gani? Na lini atarudi kupimwa iwapo imesaidia?