Kwanza Mimea, Kisha Samaki

Nilipohamia Kyambogo nilinunua tangi la kioo kwa ajili ya samaki. Asubuhi nililijaza maji ya bomba, na jioni ile ile nikatia samaki sita. Siku ya tatu wote walikuwa wameelea, matumbo juu. Nilimlaumu aliyeniuzia, kumbe kosa lilikuwa langu mwenyewe. Tangu hapo nimejifunza, na tangi nililo nalo sasa limekaa miaka miwili bila msiba. Kwa kuwa vijana kadhaa wameniuliza habari zake, naona afadhali niziandike hapa, ili mwenzangu asipoteze samaki wake kama nilivyopoteza wangu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini walikufa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni klorini. Maji ya bomba ya Kampala hutekwa Ziwa Viktoria upande wa Ggaba, kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Dawa hiyo hutufaa sisi, lakini huunguza matamvua ya samaki.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Kila samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu kwake. Ziwani maji ni mengi, tena wamo bakteria ambao kazi yao ni kuibadili amonia iwe nitriti. Nitriti nayo ni sumu, lakini bakteria wa namna nyingine huibadili iwe nitreti, ambayo haidhuru sana, na ambayo mimea huila kama mbolea. Katika tangi jipya bakteria hao bado hawajaongezeka. Huchukua kama majuma manne hata sita. Basi mtu atiaye samaki siku ya kwanza huwatia katika nyumba isiyo na choo wala mfagiaji. Ndiyo sababu nasema: kwanza mimea, kisha samaki.

Sasa tuanze kazi.

Chagua mahali. Tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na kimo cha 30 huchukua lita 54 likijaa, na maji hayo pekee yana uzito wa kilo 54, mbali na kioo na mchanga. Kwa hiyo meza iwe imara, na ukishalijaza usijaribu kulisogeza. Usiliweke palipo na jua kali, maana maji yatageuka rangi ya kijani kwa utando. Kampala i karibu na Ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Mwanga kidogo wa dirishani pamoja na taa kwa muda wa saa nane kila siku hutosha. Joto la hapa ni la wastani, hata samaki wa kwetu hawahitaji kupashiwa maji moto.

Andaa chini. Twaa udongo wa bustani usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, uuchekeche, uutandaze kimo cha sentimeta mbili. Juu yake weka mchanga uliooshwa hata maji yake yatoke safi, kimo cha sentimeta nne. Kabla ya hayo, jaribu mchanga wako kwa matone ya ndimu. Ukitoa povu, una chokaa ndani yake, tafuta mwingine.

Tia maji. Yaache kwanza katika ndoo zilizo wazi siku mbili, klorini ipate kutoka. Kisha weka sahani juu ya mchanga, umimine maji polepole juu ya sahani hiyo, udongo usije ukavurugika.

Panda mimea. Miwili yatosha kwa mwanzo, nayo yote huota katika maji ya nchi yetu. Wa kwanza una majani marefu membamba kama utepe. Wataalamu huuita Vallisneria. Fukia mizizi tu, shina liachwe juu ya mchanga, la sivyo utaoza. Wa pili hauna mizizi, nao una majani membamba kama mkia wa paka. Jina lake la kitaalamu ni Ceratophyllum. Huo uache uelee tu. Hukua upesi na kunyonya uchafu mwingi. Usipande miche miwili mitatu. Panda mingi tangu siku ya kwanza.

Hapa nina maonyo mawili. Usiende kuchuma mimea katika kinamasi cha Kinawataka hapo bondeni kwetu, kwa maana hupokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani. Tena usiingie ziwani miguu mitupu, kwa ajili ya kichocho, ambacho huenezwa na konokono wa majini. Mimea yoyote upewayo, isuuze, uiweke siku kadhaa katika ndoo yake peke yake, na uondoe kila konokono umwonaye, bila kumshika kwa mkono mtupu.

Baada ya hapo kuna kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Kila siku mbili tatu tupa chembe chache za chakula cha samaki, ili bakteria wapate riziki. Maji huenda yakawa kama ya mchele, na majani mengine yakaoza. Usikate tamaa, wala usimwage maji yote ukaanza upya, maana ndivyo utakavyowafukuza wale wafanyakazi wasioonekana. Ondoa majani yaliyooza, ungoje. Majuma sita yakipita, na majani mapya yakichipuka, tia samaki wawili au watatu, si zaidi.

Mimi nafuga nkejje mdogo wa kinamasi, aitwaye na wataalamu Pseudocrenilabrus multicolor. Weka dume mmoja na majike wawili, kwa kuwa madume hupigana. Jike huchukua mayai yake kinywani, wala hali chakula mpaka awaachilie watoto watoke. Hata baadaye watoto wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Kila juma badili robo ya maji kwa maji yaliyokaa ndooni. Hayo unayoyatoa mwagia migomba, itakushukuru.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Mimea ikisitawi itakuzidi, na utatamani kuitupa mtaroni. Usifanye hivyo kamwe. Maji ya mitaro yetu hushuka kinamasini, na ya kinamasi huingia ziwani. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likatapakaa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake na kulipanda kwa pambo. Mwaka 1988 lilionekana Ziwa Kyoga, na mwaka uliofuata Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Katika miaka ya 1990 liliziba gati la Port Bell na kusumbua mitambo ya umeme ya Jinja. Mmea ule ulikuwa pambo la mtu fulani, mahali fulani.

Samaki nao ni vivyo hivyo. Mputa, aitwaye sangara kwa Kiswahili, alitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 aliwala nkejje, hata wataalamu wakakisia kwamba aina kama 200 zimetoweka. Baadhi ya nkejje wa ziwa letu wamehifadhiwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, mputa alitiwa katika miaka ya 1960. Wachunguzi waliona kwamba aina kadhaa za samaki wadogo zilinusurika pembeni, ndani ya mimea ya kinamasi, ambako oksijeni ni haba na mputa hawezi kukaa. Waona, ndugu msomaji, hata huko mimea ndiyo iliyowaokoa samaki.

Basi mimea iliyozidi ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uifukie bustanini. Samaki waliozidi mpe rafiki mwenye tangi, usiwafungulie mtoni hata kwa huruma. Kosa la ndani ya tangi hugharimu samaki sita, kama langu, na waweza kuanza tena. Kosa la ziwani halina kuanza tena. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.